Mpishi wa Semina ya Nishati Safi

Saa tatu asubuhi, Kidawa Dadi anapuliza moto nyuma ya ofisi ya kijiji chake, jirani na Kiranjeranje. Juu ya mafiga kuna sufuria la pilau ya watu arobaini. Ndani ya ofisi semina imeanza, na mtaalamu kutoka mjini anaeleza jinsi kuni zinavyoimaliza nchi.

Pilau hiyo hiyo ataila, na ataomba kuongezewa.

Kidawa, miaka 52, ni mama lishe. Kwa kuni amesomesha watoto watatu. Semina hakualikwa, ameitwa kupika. Kupitia dirisha anasikia sheria ndogo inayopendekezwa: atakayepika chakula cha biashara kwa kuni atatozwa faini ya shilingi elfu hamsini.

"Nilisimama na mwiko mkononi," anasimulia. "Moshi wanausikia mpaka puani, ila mimi mwenye moto hawanioni."

Kuni zake ni matawi ya mikorosho anayopogoa kila mwaka shambani kwake. Msitu hajaugusa. Mwaka jana alipewa mtungi wa gesi wa kilo sita, akapigwa picha nao. Uliisha siku ya tano, kwa sababu maharage hayaivi kwa picha. Kuujaza ni mpaka Nangurukuru, na nauli inakula faida ya siku mbili. Sasa mtungi unazuia mlango usipigwe na upepo. Na gesi inachimbwa hapa hapa Kilwa!

Kilichomchoma zaidi ni karatasi. Siku ile ya semina alitia saini akidhani anapokea mchele, basi. Wiki mbili baadaye muhtasari ukabandikwa ukutani: "Mama lishe wameshirikishwa na wameafiki." Jina lake lipo, namba 38.

"Niliafiki mchele," anasema, wala hacheki.

Mtendaji wa kijiji, alipoulizwa, alisema karatasi ya saini ilikuwa moja tu, ya mahudhurio na ya kupokea vitu. Anasema hivyo kana kwamba ni jibu.

Alhamisi mkutano mkuu wa kijiji utaipigia kura sheria hiyo. Kidawa anataka matawi ya mikorosho yasiwe kosa, na gesi iuzwe kijijini kabla ya yeyote kutozwa faini.

Juzi mtendaji alimtuma mtu kumwambia kwamba Alhamisi wageni watakuja tena, apike pilau. Kidawa alimjibu aliyetumwa huku akikoroga maharage.

"Mwambie Alhamisi mpishi naye ana kikao. Waje na chakula chao."