Dawa ya Ubavu Niliyoipaka Miguuni

Mwanangu, ipo siku moja ya Julai ambayo naikumbuka kwa pua kabla ya kuikumbuka kwa macho. Ilikuwa ile baridi yetu ya Songea, ambayo watumishi wanaohamishiwa huku hushuka kwenye basi na shati la mikono mifupi, kesho yake wanaulizia makoti ya mitumba. Nilikuwa nimeketi sebuleni, miguu nimeielekeza kwenye jiko la mkaa. Hilo halikuwa jambo geni. Wenzangu walipokwenda Namtumbo kutafuta maisha kwenye tumbaku, mimi nilitafuta kiti, na nilikipata.

Nikasikia harufu. Nikamwita mke wangu aliyekuwa jikoni.

"Mama Beata, leo kuna nyama na hukuniambia?"

"Nyama ya wapi? Mimi nachambua mboga hapa."

"Basi jirani anachoma."

Akaja kuchungulia. Sahani ya mboga ikamponyoka. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, "Baba Beata, mguu wako."

Nikautazama. Unyayo wa kushoto ulikuwa umeegemea ukingo wa jiko, ngozi imegandia kwenye bati. Mwanangu, nimeuona mguu wangu mwenyewe ukiungua, na sikuhisi kitu. Hata kuwashwa. Niliukodolea macho kana kwamba ni mguu wa mtu niliyemsikia tu akisimuliwa, mpaka mke wangu alipouvuta.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, usije ukadhani nilikuwa nimelewa.

Wakati huo nilikuwa na miaka arobaini na ushee, ule umri wa kujiita kijana mbele ya wazee na mzee mbele ya vijana. Kwa miezi mingi nyayo zangu zilikuwa zikiwaka moto. Mara kama nakanyaga pilipili, mara sindano, mara najiona nimevaa soksi kumbe sijavaa. Mke wangu akaniambia niende hospitali nikapimwe. Nikamwambia kesho. Kesho yangu ilikuwa ndefu kuliko barabara ya Tunduru.

Sasa, jirani yetu Mzee Mapunda alikuwa ameugua mkanda wa jeshi. Malengelenge ubavuni yalipona, lakini maumivu ya mishipa ya fahamu yakabaki, hata shati likimgusa anaruka. Mwanawe akampeleka hospitali kubwa, na huko mfamasia akamchanganyia dawa ya kupaka, dawa kadhaa ndani ya kopo moja, kwa vipimo vilivyomfaa yeye, jina lake likabandikwa juu. Ikamtuliza. Mtaa mzima ukajua kwamba Mzee Mapunda sasa anavaa shati bila kukunja uso.

Na desturi yetu unaijua. Kwetu dawa huazimwa kama ungo. Mtu akikuona unaumwa hawezi kuondoka hivi hivi bila kukuletea kitu, na ukikataa, ni kama umemwita mchawi. Mke wa mzee alinikuta uani nimetumbukiza miguu kwenye karai la maji baridi. Akarudi kwake, akaja na dawa kidogo kwenye kifuniko.

"Paka hii, mwanangu. Mzee wangu imemrudishia usingizi."

Nikapaka, na moto ukapungua. Nikaenda kuomba tena, na tena. Mama wa watu hana kinyongo, anachota tu. Nikawa napaka nene kama siagi kwenye mkate wa mgeni, kisha nafunga mfuko wa nailoni juu yake ili iingie vizuri. Elimu yangu ya kidato cha nne ndiyo iliyonishauri hivyo. Habari ya hospitali nikaisahau kabisa, mpaka Julai ile jiko liliponipeleka.

Daktari alinipima, akakuta sukari. Tena ya siku nyingi.

"Miguu yako ilikuwa imeanza kufa ganzi zamani," akaniambia. "Ule moto uliokuwa unausikia ndio uliokuwa unakuita uje huku. Wewe ukaupaka dawa ya mtu, ukaunyamazisha. Na dawa ile yenyewe hutia ganzi; kwa unene ule, na nailoni juu, ganzi imezidi."

Kidonda kikakataa kupona. Vidole viwili vilikatwa, na siku waliponifungua bandeji nilivihesabu vilivyobaki mara mbili, nikitumaini mwalimu wangu wa hesabu alinifundisha vibaya.

Mzee Mapunda akaja kunitazama wodini. Alitembea ameinama upande mmoja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa. Kisha akafunua shati, akanionyesha makovu ya ubavuni.

"Dawa ile ilitumwa hapa," akasema. "Kabla ya kuchanganyiwa niliulizwa maswali mpaka nikachoka. Unaumwa nini kingine, unakunywa dawa gani, ngozi ina kidonda. Wewe uliulizwa na nani?"

"Mama aliniuliza kama nimeshakula."

Hakucheka. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, na hiyo ni nguo. Suruali yangu ungeivaa ungejua palepale kwamba haikutoshi. Dawa haikuambii." Akafunga vifungo polepole, akiliinua shati lisimguse. "Na kopo limekwisha, kijana. Tangu juzi hili shati ni miba."

Hapo nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwenye jiko. Siku zote hizo sikuwahi kujiuliza mzee mwenyewe amebaki na nini.

Basi nisikilize, wewe ambaye siku hizi hata mlangoni kwa jirani huendi, unatumiwa picha ya dawa kwenye simu na unaamini. Sikukatazi dawa ya kupaka. Mimi mwenyewe leo ninayo yangu, niliyochanganyiwa baada ya kupimwa. Napaka kiasi nilichoambiwa, sifungi nailoni, nanawa mikono nisije nikajishika jicho, na wajukuu hawaigusi. Inanisaidia. Lakini mguu ukiwaka bila moto, usiunyamazishe kabla hujauliza unalia nini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kiliniumbua kwa vidole tu, nashukuru. Na jirani akikuletea dawa yake, ipokee kwa mikono miwili, mshukuru, akishaondoka mrudishie na mboga juu yake, halafu wewe nenda ukapimwe. Adabu inadai upokee. Haidai upake.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupunguzie mapenzi ya kiti niliyonayo mimi, akupe jirani mwema kama niliyepewa, na akujalie miguu inayouma pale inapopaswa kuuma.