Mtambo Huu Utabaki na Nani

Mkitaka kucheka, chekeni sasa hivi mmalize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Gisenyi, wala hayakunipata usiku. Ilikuwa saa saba mchana, jua linawaka ziwani, na akili zangu zote ninazo.

Hoteli moja ya ufukweni ilinipa kazi ya kubuni na kujenga mtambo mpya wa joto na baridi, mahali pa ule wa zamani uliokuwa umechoka kabisa. Chumba cha mitambo kiko chini ya ardhi. Nilijivunia sana mchoro wangu: joto linaloondolewa vyumbani halitupwi ziwani, linapelekwa kwenye maji ya kuoga. Kilichonitesa ni mabomba ya zamani. Yalikuwa kila mahali, na ramani yake hakuna aliyewahi kuiona. Ukikata bomba lisilofaa, ghorofa nzima inakosa maji.

Fundi wangu wa kuchomelea anaitwa Damascène, aliyerejea kutoka Kongo, mtu wa utani, aliyekuwa akifanya kazi kifua wazi kwa sababu ya joto la mle ndani. Mke wake, Mama Keza, anafua mashuka hapo hapo hotelini.

Siku hiyo Damascène alikuwa amekwenda kula. Nilipogeuka nikamwona mzee amesimama kando ya boila, lile tangi la zamani la kuchemshia maji, amevaa ovaroli ya bluu na sweta ndani yake. Sweta, kwenye joto lile! Mikono yake ilijaa masizi, kwa hiyo akaninyooshea kifundo cha mkono, kama mafundi wanavyosalimiana. Nikakishika. Niamini, kilikuwa cha baridi kama bomba linalotoka ziwani. Nikajiambia mzee ana malaria. Akachukua chaki yangu, akaanza kuweka alama: hapa kata, hapa usiguse. Alipitia bomba moja baada ya jingine, na baadaye tuligundua hakukosea hata moja. Nilifurahi mpaka nikasahau kumuuliza jina. Wewe ungekumbuka?

Alipomaliza akaniuliza, "Na hii mupya, itabaki na nani?"

Lilikuwa swali la kawaida. Kila mtambo hukabidhiwa mtu wa kuuendesha. Bila jina lake, karatasi hazitiwi saini. Mimi nilikuwa bado sijampata. Nikacheka, nikasema, "Utabaki na Damascène. Anaupenda mtambo huu kuliko mke wake."

"Damascène," mzee akarudia. "Bon, ni vizuri."

Akapanda ngazi. Sijawahi kumwona mzee akipanda ngazi kwa furaha namna ile.

Jioni nilimsimulia Mama Keza. Shuka likamponyoka mikononi.

"Yesu we! Uyo ni muzee wa boila, Enjeniya. Tulimuzika kule makaburi ya Nyakiriba. Ata mbele ya kufa kwake, hakukuwa anapanda tena juu, alikuwa anasema juu kuko baridi." Akanikazia macho. "Sasa we ulimujibu nini?"

Nikamwambia sikumjibu kitu. Nilimdanganya.

Siku tuliyowasha mtambo mpya, ulifanya kazi vizuri kuliko hesabu zangu. Vyumba vikapoa, wageni wakaoga maji ya moto. Damascène akaomba sweta. Kesho yake hakupanda kwenda kula. Wiki ya pili akawa analala huko chini, mgongo umeegemea tangi la maji moto. Tulimpeleka hospitali, daktari hakuona ugonjwa wowote. Tukampeleka Nyamyumba, kwenye zile chemchemi za maji moto ambazo mimi hata mguu siwezi kuutia. Aliketi ndani mpaka kifuani, meno yanagongana.

"Shefu, mukubwa wangu, unirudishe tu. Uku iko baridi."

Mama Keza alikuwa amemshika mkono, analia. Nilitazama pembeni. Niliona aibu mpaka nikatamani ardhi inimeze.

Yuko huko chini mpaka leo. Mama Keza humshushia chakula mara mbili kwa siku, kisha hupanda peke yake. Mimi siogi tena maji ya moto, popote pale. Nikifungua bomba najiuliza joto lile limetoka mwilini mwa nani.

Mwezi uliopita nilishuka kukagua pampu. Damascène akaninyooshea kifundo cha mkono, maana vidole vilikuwa na grisi. Niliijua baridi ile.

"Shefu," akasema, bila utani wowote, "ukinipatia mutu, mi napanda leo. Itabaki na nani?"

Nilijua jina lililostahili kutajwa. Lilikuwa langu, na lilinifika mdomoni. Nikasema, "Nitakutafutia mtu," nikapanda ngazi mbio kulifuata jua.

Kwa hiyo wewe unayejenga, sikia. Ukiulizwa na mtu usiyemfahamu kazi yako itabaki na nani, usitaje jina la mwenzako, hata kwa mzaha. Taja lako. La Damascène nililitaja huku nikicheka. Langu limenishinda mpaka leo.