Shairi ni la Mama, Nimeambiwa Niape ni la Kaka

Admin, jina langu lisionekane tafadhali, hapa Garissa tunajuana sana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwalimu wa shule ya msingi, nimeolewa.

Kuna shairi la Kisomali ambalo karibu kila mtu huku analo kwenye simu. Linamlilia mtu aliyetoka kwenda kisimani asirudi. Kaka yangu alilighani kwenye harusi, likarekodiwa, likaenea mpaka Dadaab na Wajir. Watu wakamwita mshairi, naye hakukana. Lakini mimi nalijua tangu utotoni. Mama alikuwa akiliimba akikamua mbuzi kule Hadado, baba akiwa malishoni.

Mwezi uliopita familia moja ya Hulugho ikajitokeza ikasema shairi ni la marehemu mjomba wao na kaka ni mwizi. Vijana wa pande mbili nusura wapigane sokoni. Wazee wakaamua tukutane Ijumaa baada ya swala, kila upande ulete shahidi wa kushika Msahafu. Kaka akanitaja mimi, eti nilikuwepo akilitunga. Hakuniuliza kwanza.

Nikamwendea mama, nikamwambia nitasema ukweli kwamba ni lake. Akaenda kufunga mlango.

"Usinitaje," akasema. "Yule wa kisimani ni mtu niliyetaka anioe kabla ya baba yako. Na baba yako anakijua kile kisima. Akisikia shairi ni langu, atajua namlilia nani."

Nilikaa chini. Baba ni mgonjwa wa kitandani, na shairi hilo ndilo analoomba awekewe kila asubuhi. Anajivunia mwanawe.

Nilimwomba kaka aachane na kesi hii. Akasema akiacha ataitwa mwizi maisha yake yote na posa yake itavunjika. "Abaayo, dada yangu, ni neno moja tu."

Siwezi kushika Msahafu nikasema uongo, namwogopa Mungu. Nisipokwenda, shairi la mama litapewa watu wasiolijua lilikotoka. Nikisema ukweli, namvunja baba moyo akiwa pale kitandani. Mume wangu ananiona silali, akiniuliza namwambia kichwa kinauma.

Jana mama alinipigia simu. "Kaape, dhambi iwe juu yangu," akasema, akakata.

Ijumaa ni keshokutwa. Ndugu zangu, msinitukane. Nikiwa mbele ya wale wazee, niseme nini?