Mfalme wa Kartago Amfuata Mke Kabambare

Huko Kasongo, mtu aitwaye Muzaliwa alikuwa na kibanda cha kuchaji simu, mke, na dola moja ya kale. Dola ilikaa ndani ya kompyuta yake kuukuu, katika mchezo ambao mtu hupewa taifa la zamani, akapanga kodi, majeshi na ndoa za wakuu kwa karne nzima. Muzaliwa alishika Kartago. Roma aliichoma mara nyingi kuliko alivyofagia kibanda. Miaka yote hiyo alingoja jambo moja: watengenezaji watoe mchezo wa pili. Uvumi ulisema ramani yake itashuka hadi maziwa makuu. Ile ya kwanza iliishia jangwani, kana kwamba sisi huku tulikuwa bado hatujaamka.

Katika mchezo, raia wakitaka kuasi, jimbo hugeuka jekundu. Honorine, mkewe, hakugeuka rangi. Mvua ilipopenya tena paa la majani ikalowesha kitanda, alipanda pikipiki akarudi kwao Kabambare.

Mke aliyerudi kwao hafuatwi kwa simu. Unakwenda na mbuzi na msemaji, nawe unakaa kimya huku unasemwa. Msemaji alikuwa Muhindo, mnunuzi wa dhahabu kutoka Butembo. Katika mchezo yeye hushika Roma, kwa hiyo kushindwa kwa adabu alikuzoea.

"Mutoto wetu iko na makosa," Muhindo alianza. "Lakini hata mbuzi iko na harufu, na tunamukula."

"Mbuzi hatukumuoza binti," alijibu baba mkwe, Papa Jean-Pierre. "Aache hapa ile mashini yake ya muchezo, ile iko mu mufuko wake. Ndio tutaamini."

Muzaliwa alimnong'oneza msemaji wake, kwa uso wa mtu anayetoa figo.

"Amekubali," Muhindo alisema, akajifuta jicho moja. Alikuwa msemaji mzuri.

Wazee waliguna kwa heshima. Shangazi mmoja alisema huyu sasa ni mwanaume. Honorine peke yake hakuguna.

"Papa, pokea. Lakini mumuulize kwanza. Ule muchezo wa pili anangojea, utaingia mu mashini hii?"

Ikabidi Muzaliwa apewe ruhusa ya kusema. Alimtazama mbuzi kwanza.

"Hapana," alisema. "Hii imezeeka. Ule wa pili utaomba mashini mupya."

"Munaona? Anawapatia kitu alikuwa anataka kutupa."

Papa Jean-Pierre alicheka mpaka akakohoa. "Bwana mukwe, uko mwizi, lakini mwizi wa kusoma. Honorine, wewe unataka nini?"

"Aape hapa mbele yenu. Mashini mupya haiingii nyumba yangu mbele ya mabati kufika juu ya paa."

Muzaliwa aliapa. Mbuzi akachinjwa, kompyuta kuukuu ikabaki Kabambare, na Honorine akarudi Kasongo, maana kiapo kilichotolewa mbele ya wakwe hakivunjwi na mtu anayetaka kula tena kwao.

Siku hizi Muzaliwa hufungua kibanda mapema na kununua bati mojamoja. Habari za mchezo huzisoma kwenye simu za wateja zikiwa kwenye chaji. Juzi watengenezaji walitangaza kwamba wanakaribia kumaliza. Wachezaji wa dunia nzima walishangilia. Kutoka Kasongo ulitumwa ujumbe mmoja, wenye adabu nyingi, ukiwasihi watengenezaji wasiharakishe: ramani ya kusini ni jambo zito, linahitaji utafiti wa kina, angalau mpaka kiangazi.