Eksaita ya Umesh na Mke wa Nuhu

Mwaka 1996, mtu wa Kahama aliyetaka sauti yake iingie kwenye kanda alikwenda kwa Umesh, mtaa wa Nyasubi. Mbele aliuza redio na betri. Nyuma ya duka, ndani ya chumba alichokibandikia trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, alirekodi kwaya, wacheza ngoma na, safari moja, mchimba dhahabu aliyetaka kumtukana mwenzake kwa mpangilio. Umesh alikuwa mtu mpole aliyekoseshwa raha na jambo moja tu: sauti za watu zikiingia kwenye kanda zilitoka kama wameimba wamejifunika blanketi.

Rafiki yake Imran, muuza vyombo vya muziki kule Mwanza, akamtumia dawa kwa basi. Ziliitwa eksaita, mashine za kuipa sauti mng'aro, na zilikuwa mbili, nyeusi na ya fedha. "Jaribu zote," Imran alimwagiza, "chagua moja, nyingine nirudishie."

Umesh akazijaribu kwa wimbo wa Nuhu na gharika, ambao kwaya ya Kagongwa ilikuwa imetoka kuurekodi. Ile ya fedha iliifanya sauti iwe nzito na laini kama uji wa ulezi. Nyeusi iliipasua: kila "s" ilichana sikio, na pumzi za waimbaji zikasikika kama wamesimama begani kwako. Alisikiliza hii, akasikiliza ile, akarudia na kurudia hata akawa hawezi tena kutofautisha eksaita na friji la jirani. Mwishowe akamwita mama yake, Saroj, amsaidie kuchagua.

Saroj akavaa hedifoni. Nyeusi ilikuwa ikifanya kazi. Kwaya ilipofika pale inapoimba "mvua ikakoma" na kunyamaza kidogo, bibi yule akainua kidole.

"Nani anaunguza maharage?"

"Maharage gani, mama?"

"Rudisha nyuma."

Akarudisha. Mvua ikakoma. Kimya. Halafu mnong'ono wa mwanamke, safi ajabu: "Maharage yangu yanaungua."

Kwenye mashine ya fedha maharage hayakusikika kabisa.

Umesh hakuwa mtu wa kuficha mambo. Akamwita mwalimu wa kwaya, Bartholomeo, naye akaja na Sesilia, mama aliyesimamia nidhamu ya waimbaji.

"Mwangaluka, Mama Umesh," Bartholomeo alimsalimu Saroj, akasikiliza kanda, akavua kofia. "Mbele ya Nuhu, jamani!"

"Aliyefanya haya nitamjua," alisema Sesilia. Akawahoji wanawake wote wa kwaya mmoja mmoja. Wote wakakana.

"Basi tumia ile ya fedha, Bwana Umesh," Bartholomeo alisihi. "Tusitiriwe."

Umesh alikubali, ila alikuwa amekwisha kuchelewa. Kanda moja ya majaribio, iliyopitia ile nyeusi, alikuwa amempa mteja wake Marwa, mchimbaji, asikilize akielekea machimboni Geita. Huko Marwa akaipiga kambini, na kambi nzima ikaamini kwamba anayenong'ona ni mke wa Nuhu. Athanas, katekista wa kule, akaifundishia Jumapili: dunia imezama, wamebaki watu wachache ndani ya safina, na mama huyu bado anafikiria watu watakula nini. Wachimbaji wenye mikono kama sululu walilia.

Marwa akarudi dukani kutaka kanda nyingine, ya kwanza ilikuwa imekatika kwa kurudishwa nyuma.

"Mke wangu yuko Tarime," alimwambia Umesh. "Niliposikia yale maharage, nilikaa chini."

Baada ya hapo hakuna aliyeulizia wimbo wa Nuhu. Waliulizia kanda ya mke wa Nuhu, na watu wa Kagongwa wakaanza kugeuka njiani kuwatazama wanakwaya wa kike.

Ndipo waliokana wakaanza kukiri. Zipora alifika dukani na mumewe awe shahidi kwamba siku ile walilala njaa. Serafina alileta sufuria lenyewe, tako jeusi. Wa mwisho akaja Sesilia, kavaa sare kamili ya kwaya.

"Nimefanya uchunguzi, Bwana Umesh," alisema. "Nimegundua ni mimi."

Umesh akawaketisha mbele ya maikrofoni, kila mmoja akanong'ona maneno yale yale. Bartholomeo alisubiri huku akikanda kofia yake.

"Haya, mashine inasema ni nani?"

"Mashine inasema wote ni tairi linalotoa upepo."

Hawakupatana, lakini Umesh alikuwa ameshachagua. Akaipakia ya fedha kwenye basi la Mwanza, akabaki na nyeusi.

Kwaya ilirudi kurekodi wimbo mpya, wa Yona tumboni mwa samaki. Palikuwa na mahali pa kunyamaza baada ya "Yona akatulia", na Umesh aliona kwamba siku hiyo kimya kilikuwa kirefu kupita kawaida. Waimbaji walipotoka kunywa maji, yeye na Bartholomeo wakakaa kusikiliza.

Yona akatulia. Na kutoka kila upande wa tumbo la samaki: "Chumvi imekwisha." "Kuku wangu mwekundu hajarudi." "Nani ana kuni kavu?" Sauti zilikuwa nyingi, zimepandana, nyingine zikirudia ili zisikike vizuri. Mwishoni kabisa, ya kiume, nzito, karibu kabisa na maikrofoni: "Viatu vinanibana."

Umesh alimtazama Bartholomeo. Bartholomeo alitazama viatu vyake.

"Tufute, Mwalimu?"

Bartholomeo alifikiri, akakohoa, akavuta kiti karibu na mashine.

"Hiyo ya mwisho," alisema, "hebu ipandishe kidogo."