Jina Ndani ya Kaseti ya Dada

Kaseti ya kwanza ya dada yangu ilitoka mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati watu wa Nairobi walishahamia CD na sisi wa huku Isinya bado tulirudisha kaseti nyuma kwa kalamu ili betri zisiishe. Nitasema ukweli: upande wa kwanza haukuwa mzuri. Nyimbo nne, zote na kinanda kinachopiga tu-tu-tu kama mashine ya kusaga unga, na sauti yake imesukumwa huko nyuma. Ule wa wasichana wa mashamba ya maua ulikuwa na maneno matamu, lakini nani angeyasikia? Nilimwambia hivyo. Alininunia siku mbili.

Upande wa pili ni kitu kingine. Mpiga kinanda alikuwa ameenda zake, dada akabaki na gita peke yake, na hapo ndipo utajua huyu mtu anaweza kuimba. Anaanza chini, kama anayemtuliza ng'ombe wakati wa kukamua, halafu anapanda bila haraka. Anachanganya Kimaasai na Kiswahili chetu hiki cha bara, cha "niko na kiu", wala haoni haya. Mimi si mtu wa kusifu ovyo, lakini upande huo niliucheza malishoni, mbali na nyumbani, mpaka utepe ukaanza kulalamika.

Shida ilikuwa wimbo wa mwisho. Ulimhusu kaka yetu mkubwa, kifungua mimba wa mama, aliyekufa miaka mitatu kabla kwa ugonjwa wa siku chache tu. Kwetu mtu akifa, watu wa nyumba yake hawalitaji tena jina lake. Ukilazimika kumzungumzia, unasema "yule". Jirani yetu aliyekuwa na jina hilo hilo tulimpa lingine tangu mazishi, naye akaitika bila kuuliza. Dada alijua haya yote, na bado akaliweka jina kwenye kiitikio. Mara sita. Nilihesabu.

Nilimfuata Kitengela, kwenye duka lililokuwa linamuuzia kaseti.

"Wewe umerukwa na akili? Yeyo atasikia!" Yeyo ndivyo tunavyomwita mama.

"Nataka asikie," akasema. "Hizo zingine zote ni za kujaza kaseti. Huo ndio nilioendea studio. Jumapili nakuja nyumbani, namchezea."

Dada hakufika mazishini. Habari ilimkuta tumeshazika, na tangu siku hiyo yeye na mama walikuwa wanasalimiana tu, habari za mvua, habari za mbuzi, basi. Mimi nilikuwa na hakika moyoni kwamba mama akisikia jina lile kwenye redio yetu ya kaseti, hata hizo salamu zitakwisha, na dada hatakanyaga tena kwetu.

Kwa hiyo nikajifanya mjuaji. Kaseti za dukani huwa zimevunjwa vile vidude vya juu ili usirekodi juu yake, lakini kila mtu alijua dawa yake: unaziba matundu na karatasi. Jumamosi mchana, mama akiwa kisimani, nikakaa na nakala yetu, na kila jina lilipokaribia nikabonyeza kitufe cha kurekodi ili lifutike, pabaki kimya. Mara sita. Nilijiona fundi kweli kweli.

Jumapili tukakaa, mama kwenye kigoda chake, dada karibu na redio, mimi mlangoni. Wimbo wa mwisho ukaanza. Ukafika kwenye kiitikio, na mahali pa jina pakasikika "klak", kuku wetu wakalia ko-ko-ko, "klak", gita likaendelea. Redio yetu ilikuwa na maikrofoni ndani, nami sikuwa nimelifikiria hilo. Dada alinigeukia. Sikumwangalia.

"Simamisha," mama akasema. "Rudisha nyuma."

Tukasikiliza tena. Kuku.

"Pale dukani Isinya wanapoucheza, hauko hivi," akasema. "Pale kuna jina."

Ai! Kumbe alikuwa ameshausikia. Kumbe siku za soko tatu mfululizo mama alikuwa anaenda kununua sukari tusiyohitaji, anasimama nje ya lile duka mpaka wimbo ufike, uishe, ndipo arudi. Na sisi tulikuwa tunashangaa sukari.

"Mimi siwezi kulisema," akasema, macho yake kwa dada. "Mdomo unakataa. Nikasikia huyu mtoto wangu amenisemea." Halafu akauliza, kwa upole ambao ulinimaliza, "Sasa ni nani amemtoa?"

"Labda kaseti ni mbovu," nikasema. Mtu mzima, nikamdanganya mama yangu machoni.

Hakubishana nami. Alimvuta dada akae chini karibu naye. "Basi imba wewe," akamwambia.

Dada akaimba bila gita, na jina likafika, likapita pale katikati yetu. Nililia, sitaficha, kwa sababu halikuwa limetamkwa ndani ya nyumba ile kwa miaka mitatu, na mimi ndiye niliyekaa Jumamosi ile nikimfuta kaka yangu. Alipomaliza mara ya sita, mama alimwambia arudie.