Saa ya Meli, Saa ya Nansio

Prudencia Rugemalira alikuwa amefanya kazi miaka kumi na sita kwenye meli za umma za Ziwa Victoria alipopunguzwa kazini mwaka 1993, pamoja na wenzake wengi. Mwaka uliofuata, mama huyu wa Kihaya alipata kazi kwenye meli ya kampuni binafsi. Ilikuwa meli ya matembezi: kila Jumamosi asubuhi ilitoka Mwanza na watalii na wenyeji wenye uwezo, ikawapeleka Nansio, kisiwani Ukerewe, na jioni ikawarudisha. Kazi yake ilikuwa kutangaza kwenye kipaza sauti na kuhesabu abiria.

Wenye meli walikuwa na ofisi Dubai, ambako saa imetangulia ya kwetu kwa saa moja. Waliagiza saa zote za melini zifuate za huko. Mwanza nzima ikiwa saa nne, ukutani mwa meli ni saa tano. Lakini tiketi ziliandikwa saa ya Mwanza.

"Kumbe saa yetu wanaijua," Prudencia alimwambia Teodora, mpishi wa meli. "Wanaijua wakitaka tuwahi kupanda."

Miezi miwili ya kwanza alitangaza zote mbili: mrudi saa kumi na moja ya meli, yaani saa kumi ya Nansio. Ndipo meneja wa meli, Mihayo, mwenyeji wa Mabatini, alipomwita.

"Mama, unawachanganya abiria. Melini kuna saa moja tu. Tangaza hiyo."

"Na wakishashuka?"

"Saa ziko ukutani. Walinganishe zao."

Prudencia alikuwa na watoto watatu shuleni. Alikunja uso, akatii.

Jumamosi moja ya Agosti walipanda Mzee Mhoja na mkewe Getruda, wakulima wa Buswelu. Binti yao aliwalipia safari kwa kuwa walikuwa wametimiza miaka arobaini ya ndoa. Getruda alikuwa na ugonjwa wa sukari. Prudencia mwenyewe aliipokea dawa yake ya sindano na kuiweka kwenye jokofu la jikoni.

"Najichoma saa kumi na mbili jioni, mwanangu," Getruda alisema. "Unikumbushe."

Walipofika Nansio, Prudencia akatangaza: kurudi ni saa kumi na moja. Mzee Mhoja alisimama kwenye ngazi.

"Umesema kumi na moja?"

"Ndiyo, mzee."

Mzee akaitazama saa yake ya mkononi, akaitikia kwa kichwa. Prudencia alifungua mdomo. Mihayo alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo, akimtazama. Akaufunga.

Saa kumi ya Nansio meli ikapiga honi. Prudencia alihesabu abiria thelathini na sita. Asubuhi walikuwa thelathini na wanane. Alipanda mbio hadi kwa nahodha Yakobo, akamkuta Mihayo yuko naye.

"Wazee wawili bado! Na dawa ya mama iko jikoni!"

"Ni saa kumi na moja kamili," Mihayo alisema. "Wamechelewa."

"Hawajachelewa! Sisi ndio tuliowadanganya!"

"Nahodha, tuondoke."

Yakobo alitazama maji, akaamuru kamba zifunguliwe. Prudencia alishuka jikoni kwa hasira. Teodora alimtilia barafu kwenye chupa ya chai, wakaitumbukiza dawa humo na sindano zake pembeni. Kamba ya mwisho ilikuwa inafunguliwa alipofika kwenye ngazi.

"Ukishuka, kazi huna!" Mihayo alipiga kelele.

"Baki nayo! Na saa yako baki nayo!" Akaruka gatini.

Wazee walitokea saa kumi na nusu, polepole, na kikapu cha machungwa. Walikuwa wamewahi. Mzee Mhoja aliitazama gati tupu, kisha akamtazama Prudencia.

"Shikamoo, mzee," Prudencia alisema.

Mzee hakuitikia. "Meli iko wapi?"

"Imeondoka. Saa ya meli imetangulia ya kwetu. Nilijua, sikukwambia."

"Nilikuuliza. Nilisimama nikakuuliza, mtu mzima wewe! Unajua mke wangu angekuwa katika hali gani kesho?"

Prudencia alimkabidhi Getruda ile chupa. Getruda akaifungua, akaiona dawa yake, akaketi chini kabisa na kulia.

Walilala kwa masista wa parokia. Jumapili walivuka kwa meli ya abiria, na njia nzima Mzee Mhoja alimpa mgongo. Waliposhuka Mwanza ndipo aliposema, "Kesho asubuhi unipeleke ofisini kwao."

Jumatatu Mihayo aliwapokea kwa tabasamu na tiketi mbili za bure. Mzee alizisukuma zikaanguka sakafuni.

"Sikuja kuomba safari. Nimekuja kukuuliza. Mke wangu angekufa, ungeandika amekufa saa ya nani?"

Mihayo aliinama kuokota tiketi zake, na alikaa ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Prudencia hakurudishiwa kazi. Mwisho wa mwaka alipata kazi ya kukata tiketi za kivuko cha kwenda Kamanga.

Huko ndiko Teodora alikomfuata na habari, akidhani zitamfurahisha. Wameweka ubao kwenye ngazi ya meli, alisema. Kila safari wanaandika saa ya meli na saa ya Nansio, kwa chaki, herufi kubwa.

"Chaki!" Prudencia alipiga meza kwa kiganja, watu kwenye foleni wakashtuka. "Yaani ilikuwa kazi ya chaki tu! Na mimi nilikuwa na mdomo, Teodora. Mdomo mzima, nikaufunga."

Teodora alitaka kumshika mkono. Prudencia aliuondoa, akamwita aliyefuata kwenye foleni.